Wise Child: Mtamba Aliyeshinda Miguu Ilipokwisha

Jina lake Wise Child. Kama wewe ni mtu wa Kibwezi kama mimi, umekua ukiona punda wakipandisha mitungi ya maji na malori yakishuka Mombasa, huenda hujawahi kulisikia. Hilo linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Linanikera kwa sababu habari tamu namna hii imetupita karibu miaka mia moja. Linanifurahisha kwa sababu leo nimepata bahati ya kukupa mimi! Mwaka 1926, mjini Nairobi, mtamba huyu wa farasi, ambaye miguu yake ya mbele ilikuwa imeharibiwa angali mdogo, aliingia Kenya St Leger, mbio ya maili 1 na robo tatu, ndefu kuliko mbio nyingine kuu za farasi wa miaka mitatu. Alipambana na dume ambalo watu walikuwa wamekwisha kulipa ushindi mioyoni mwao. Akalishinda.

Nimesoma habari nyingi za michezo, za wanariadha wetu wa Ukambani na za wengine, lakini hii imenishika koo.

Niseme mapema kwamba ndiyo kwanza naandika juu ya farasi, na nimeingia katika ulimwengu wao kwa mlango wa kitabu. West with the Night kilitoka mwaka 1942, na mwandishi wake ni Beryl Markham, mwanamke aliyemfundisha Wise Child. Wengi humjua Beryl kwa jambo jingine: Septemba 1936 alirusha ndege peke yake kutoka Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi huku upepo ukimpinga usiku kucha, akaangukia kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, akatoka hai. Ni jambo kubwa, silipunguzi. Ila mimi nilikosa usingizi nilipofika kwenye kurasa za mtamba. Nikazisoma, nikazirudia, kisha nikaona kusoma hakutoshi. Nikaenda Nairobi, mpaka uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, nikamwone mnyama wa uzao huu kwa macho yangu.

Jamani, picha hazisemi kweli! Runinga nayo haisemi kweli. Kwenye kioo farasi wanateleza tu, wako mbali, kimya, kama hawana uzito. Simama kando ya uzio pale Ngong wapite mbele yako wakiwa shoti, utaelewa. Kabla hujawaona vizuri unawasikia kwa nyayo zako, ardhi inanguruma. Halafu inakuja ile pumzi, haa, haa, haa, vifua kumi na kitu vikivuta hewa kwa nguvu, majoki wakipigiana kelele, nyasi na udongo vikiruka, na mara wamekwisha kupita na wewe umebaki mdomo wazi. Farasi wa namna hii ana kilo 450 hadi 500 na hupita kilomita 60 kwa saa. Mimi niliyezoea punda, mwendo wake wa hekima na mzigo wake mgongoni, nilisimama pale nikiwaza kwamba hawa ni ndugu wa ukoo mmoja, na sikuweza kuamini.

Kabla ya kila mbio farasi hutembezwa ndani ya ringi ili watu wawaone. Kaa hapo! Wageni wengi hukimbilia jukwaani au dirisha la kuweka dau, wakakosa nusu ya utamu. Kwenye ringi unamwona saisi akimshika farasi hatamu na kumsemesha polepole, ngozi ya mnyama imeng'aa na ni nyembamba hata mishipa inaonekana ikipita chini yake. Unaona masikio yanavyogeuka, moja mbele moja nyuma. Nilisogea karibu na mzee mmoja aliyefanya kazi ya usaisi kwa miaka mingi, nikamwuliza kwa heshima yeye huangalia nini. Hakunionyesha kifua wala mapaja. Alinielekeza chini ya goti, kwenye ule mguu mwembamba wa mbele, akaniambia mengine yote yanaweza kudanganya.

Basi twende huko chini ya goti, kwa sababu habari ya Wise Child yote imo humo.

Mwili wa farasi wa mbio umejengwa kwa mbio na karibu si kwa kitu kingine. Moyo wake una uzito wa kilo 4 hivi. Akiwa amesimama zizini hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, akiwa shoti hupita 220. Wengu wake ni ghala: anapoanza kukimbia, wengu hukamuliwa na kumwaga damu nzito ya akiba mwilini, kwa hiyo damu yake hubeba hewa nyingi zaidi katika dakika zile zile anapoihitaji. Hapumui kwa mdomo, ni kwa pua tu, na akienda shoti kila hatua ni pumzi moja, mwili ukishuka hewa inatoka, mwili ukinyooka hewa inaingia. Hawezi kuvuta pumzi ya ziada hata akitaka. Nairobi nayo iko juu sana ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na mbio ya St Leger inakaribia mita 2800. Fikiria!

Sasa njoo kwenye mguu. Chini ya goti farasi hana msuli wa maana. Kuna mfupa, kuna ngozi, na nyuma ya mfupa kuna kano, ndefu na nyembamba. Kila hatua ya shoti kuna nukta moja ambapo mguu mmoja wa mbele unabeba peke yake mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mnyama mzima, na kano ile inavutika halafu inarudi, kama mpira wa manati, ikimrusha mbele bila gharama kubwa ya nguvu. Hiyo ndiyo siri ya kasi yake, na hiyo ndiyo hatari yake. Kano inapovutika na kurudi mara nyingi hupata joto kwa ndani, na damu inayoifikia ni kidogo. Ukimkimbiza farasi mchanga kupita kiasi kabla hajakomaa, nyuzi zake zinaanza kukatika. Zinapona, ndiyo, lakini polepole mno, na pale palipopona pana kovu, na kovu halivutiki kama kano ya asili.

Hivyo ndivyo alivyoharibiwa Wise Child. Alikuwa na kipaji kikubwa, na wale waliokuwa naye alipokuwa wa miaka miwili walikitaka upesi. Walimfanyisha kazi nzito mno mapema mno, kano zake za mbele zikaumia. Hasira niliyoipata niliposoma hapo! Mnyama hawezi kusema leo nimechoka. Mtamba mwenye moyo mkubwa ni mbaya zaidi, maana anaendelea kukimbia hata anapoumia, na binadamu mwenye tamaa anasoma moyo ule kuwa ni ruhusa.

Beryl Markham wa wakati ule hakuwa mtu maarufu hata kidogo. Aliletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka 4 hivi, akakulia Njoro kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, aliyefuga farasi na kusaga unga. Rafiki yake wa utotoni alikuwa Kibii, mwana wa arap Maina. Ukame na hasara vilipomfukuza baba shambani akaenda zake Peru, binti alibaki. Angali kijana mdogo alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio, kazi iliyokuwa ya wanaume watupu, akaanza upya Molo na kisha Nakuru. Kibii, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na aliitwa arap Ruta, akamfuata na kufanya kazi naye. Wawili hao na mazizi ya kukodi, basi.

Miongoni mwa farasi waliokuwa mikononi mwao ni dume liitwalo Wrack. Lina nguvu, lina kiburi, lina kila kitu. Beryl alikuwa akiliandaa kwa ajili ya St Leger na watu walianza kuamini kwamba litashinda. Hapo mwenye mali akanong'onezwa na marafiki kwamba farasi wa thamani kama huyu haachwi kwa msichana, na zikiwa zimebaki wiki chache tu akalichukua na kulipeleka kwa mkufunzi mwingine. Kazi yote imekwisha kufanywa, mapishi yako jikoni yameiva, halafu sufuria inabebwa na kupelekwa kwa jirani! Nakwambia nilifunga kitabu nikatembea nje kidogo.

Ndipo rafiki yake Eric Gooch alipomkabidhi Wise Child. Angemkabidhi nani mwingine? Mtamba mzuri, mwenye damu nzuri, ila miguu ile. Kila aliyejua farasi alijua habari ya miguu ile.

Tuangalie ugumu wa hesabu yenyewe, maana mimi naona hapa ndipo ufundi unapozidi hata ushujaa. Farasi wa mbio ndefu lazima afanyishwe kazi ndefu, la sivyo pumzi itamwishia njiani. Ila farasi mwenye kano mbovu ukimfanyisha kazi ndefu, unamvunja kabla ya siku yenyewe. Ukimlinda mno atafika uwanjani mzima wa miguu na mfu wa pumzi, na ukimsukuma mno hatafika kabisa. Kati ya makosa hayo mawili pana njia nyembamba, na Beryl na arap Ruta waliipita siku baada ya siku, wakiipapasa miguu ile kwa mikono asubuhi na jioni kutafuta joto, kwa sababu joto ndilo linalotangulia uvimbe, na ukilihisi mapema unaweza kumpumzisha. Hakukuwa na mashine za kupiga picha za kano kama leo. Kulikuwa na mikono. Nimefika mahali ninaamini kwamba ushindi wa mbio ile ulipatikana humo zizini, gizani, kabla ya alfajiri, na mikono ya arap Ruta ina fungu lake sawa kabisa na la mkufunzi mwenyewe.

Siku ya mbio ikafika. Uwanja wa wakati ule haukuwa Ngong. Ngong ilifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo farasi walikimbia upande wa Kariokor na Eastleigh, na Barabara ya Racecourse bado ipo na jina lake, si mbali na pale Machakos Kantri Basi ambapo watu wetu wa Ukambani wamekuwa wakishuka na mizigo yao miaka nenda miaka rudi. Mara ngapi nimepita hapo nikiwaza nauli tu! Sasa sipiti tena vile vile. Juu ya ardhi ile, chini ya lami na vibanda vya mitumba, alipita Wise Child.

Mgongoni mwake alikuwa Sonny Bumpus. Wrack alikuwepo, na Beryl anasimama kando akilitazama dume alilolifundisha mwenyewe likija kumshinda. Hebu ona uchungu wa jambo hilo: hakuna aliyejua uwezo wa Wrack kuliko yeye, hakuna aliyejua udhaifu wa Wise Child kuliko yeye. Mtamba akaachia mwendo wake, Bumpus akampa nafasi, akatoka mbele na kuwaacha wenzake, mwepesi, wa kupendeza, na watu wakaanza kusimama. Umbali ukawa mkubwa. Wapo waliodhani mambo yamekwisha.

Halafu njia ya mwisho, na miguu ikaanza kukataa. Nasoma hapo na moyo unanidunda ijapokuwa jibu nalijua! Mwendo wake unapoteza ulaini wake. Nyuma Wrack anakuja, dume zima la nguvu, hatua baada ya hatua likilila lile pengo. Mtamba hana tena miguu ya kumjibu. Alichobakiwa nacho ni kukataa kushindwa, na nasema hivyo nikimaanisha, sitii chumvi: kwa hesabu ya kano na mifupa mbio yake ilikuwa imekwisha kabla ya mlingoti wa ushindi. Akaendelea. Wrack akakaribia zaidi, akaendelea. Akaupita mlingoti wa mwisho yeye mbele.

Mara ya kwanza nilipofika hapo nilipiga kelele nikiwa peke yangu nyumbani, mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

Masimulizi haya ni ya mkufunzi mwenyewe, na mkufunzi ni mzazi, atampamba mwanawe. Hilo nimelipima. Ila ushindi wa St Leger wa mwaka 1926 upo, na kazi iliyofuata ya Beryl inathibitisha kwamba hakubahatisha. Baada ya miaka ya ndege na ya Marekani alirudi Kenya, akarudi kwenye mazizi, na farasi wake wakashinda Derby mara 6. Alifariki Nairobi Agosti 1986, akiwa na miaka 83, kitabu chake kikiwa kimechapishwa upya mwaka 1983 na kuanza kupendwa dunia nzima baada ya kusahaulika miongo minne. Kwangu mimi Derby zote 6 haziizidi siku ile moja.

Sasa kwa nini sisi wa Kibwezi hatukuwa na habari? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni mdudu. Mbung'o ndiye aliyechora ramani ya farasi katika nchi hii. Msitu wa Kibwezi na nyika inayouzunguka ni makao yake ya tangu zamani, na ugonjwa anaouambukiza, nagana, humwua farasi kwa kumdhoofisha polepole. Njia ya Mackinnon ilipoanza kukatwa kutoka pwani mwaka 1890 ilielekezwa Kibwezi. Wamishenari wa Kiskoti walipiga kambi hapa mwaka 1891, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Walipopita wajenzi wa reli, ng'ombe wa kazi, nyumbu na punda walikufa kwa mamia katika ukanda huu. Farasi angefanya nini hapa? Kwa hiyo walifugwa kule juu, Njoro, Molo, Nakuru, Limuru, kwenye baridi isiyopendwa na mbung'o, na sisi tukabaki na punda, ambaye ni mvumilivu zaidi.

Lakini farasi walipita! Hapo ndipo niliposimama wima. Madume na majike walioletwa kwa meli kutoka ng'ambo waliteremshwa Mombasa, wakapakiwa kwenye mabehewa, na reli ina njia moja tu: Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, na kuendelea. Damu ile ilipita mbele ya milango ya babu zetu ikielekea milimani. Na mwaka ule ule wa 1926 Wise Child alipokuwa akishinda Nairobi, pale Makindu Masingasinga wa reli walikuwa wakijenga hekalu lao ambalo mpaka leo linampa kila msafiri chakula na mahali pa kulala bila kumdai senti. Ukipita pale ukiwa na njaa, ukapewa chapati na dengu, kumbuka umri wa jengo hilo, na utajua habari hii si ya kale sana.

Beryl naye alikuja huku, ingawa bila farasi. Miaka ya 1930 aliruka juu ya nyika hii, kati ya Makindu na Voi, juu ya uwanda wa Yatta, akiwatafutia tembo wawindaji kama Bror Blixen. Anamtaja kwa heshima kubwa Makula, Mkamba mfuata nyayo, na ukisoma unaona kabisa kwamba miongoni mwa wazungu wenye bunduki na ndege, aliyejua kazi yake kuliko wote ni huyu mtu wetu. Sehemu hiyo ya kitabu hainipendezi, tembo wanaangushwa kwa ajili ya meno. Leo kwenye chemchemi za Umani, humu humu msitu wa Kibwezi, tangu mwaka 2014, tembo yatima wanalelewa na kufundishwa kurudi porini, na nikichagua kati ya mambo hayo mawili sihitaji muda.

Nina lawama nyingine, nzito zaidi, na mhakiki anayependa kitu hapaswi kuificha. Mbio zile za 1926 zilikuwa sherehe ya walowezi. Waafrika waliokuwepo walishika hatamu, walibeba maji, walilala zizini na farasi wagonjwa, na majina yao hayakuandikwa popote. Arap Ruta tunamjua kwa sababu tu mkufunzi aliyefanya naye kazi alikuwa mwandishi na alimpenda. Wangapi wengine? Leo pale Ngong mambo yamebadilika kwa kiasi: nimewaona majoki Wakenya Weusi wakipanda kwa ustadi mkubwa, na wanawake wapo katikati ya mchezo, Patsy Sercombe akiwa mmoja wa wakufunzi wanaoshinda msimu baada ya msimu, na Lesley Sercombe mgongoni mwa farasi. Umiliki bado ni wa wachache, maana kumlisha farasi wa mbio si mchezo. Natamani kuona rangi za jezi za mwenye farasi kutoka Makueni. Natamani sana.

Baada ya Wise Child nilianza kuwasaka mitamba wengine wa duniani, na nakuonya, ukianza hutaacha. Zenyatta wa Marekani alishinda mbio 19 kati ya 20 za maisha yake, akipenda kukaa nyuma kabisa halafu kuwapita wote mwishoni, na mwaka 2009 aliwashinda madume kwenye Breeders' Cup Classic. Winx wa Australia alishinda mara 33 mfululizo, na mimi nimetazama nyingi kati ya hizo nikiwa nimesimama. Yupo Ruffian, pia wa Marekani, ambaye sikumaliza kumtazama. Alikuwa ameshinda mbio zote 10 alizokimbia, kila mara akiwa mbele mwanzo hadi mwisho. Julai 1975 wakampambanisha peke yake na Foolish Pleasure, dume lililoshinda Kentucky Derby mwaka huo. Katikati ya mbio mguu wake wa mbele ukavunjika, na yeye akaendelea kukimbia juu yake, asitake kusimama. Madaktari hawakuweza kumwokoa. Moyo ule ule wa Wise Child, miguu ile ile myembamba. Mmoja mikono iliyomlea ilijua mpaka wake uko wapi, na bahati ikamfikisha. Mwingine hakupata bahati hiyo.

Ndiyo maana simweki Wise Child chini ya hao wakubwa wenye rekodi ndefu. Wao walikuwa na miguu. Zenyatta alikuwa mnyama mkubwa mwenye afya, Winx alilindwa na kundi zima la wataalamu. Huyu wetu alikuwa na kano zenye makovu, msichana aliyenyang'anywa farasi, na rafiki yake Mkalenjin aliyeamka kabla ya jogoo. Nikipewa nafasi ya kuitazama mbio moja tu katika historia yote ya mchezo huu, nitachagua ile ya Nairobi.

Ukitaka kuonja, anza kama nilivyoanza. Tafuta kitabu. Kisha chungulia ratiba ya Jockey Club of Kenya, kwa sababu mbio za Ngong huwa Jumapili na kuna miezi uwanja hupumzika. Treni ya kaunti husimama kituo cha Kibwezi na kukushusha Syokimau. Nenda Jumamosi, lala Nairobi kwa ndugu, asubuhi shika matatu ya Ngong Road. Chagua siku ya Kenya Oaks, ambayo ni ya mitamba peke yao, au siku ya St Leger yenyewe ukitaka kuona umbali ule ule aliokimbia yeye, na angalia kwenye kadi ya mbio kama kuna jike aliyeandikishwa pamoja na madume, ambaye kwa kawaida hupunguziwa kilo kidogo. Usikae jukwaani. Fika kwenye ringi mapema, tazama chini ya goti kama mzee alivyonielekeza, mchague wako. Halafu nenda kasimame kwenye uzio mita kama 200 kabla ya mlingoti, pale ambapo pumzi zinaanza kuisha, na upige kelele kwa nguvu zako zote.